Mama wa Komunike Anaumwa Kidogo

Annette hakuwa mgonjwa. Hilo alijiambia mwenyewe asubuhi ile ya Jumatano, akiwa bado kitandani, na alijiambia moyoni tu, maana angefungua mdomo mumewe angemsikia. Koo lilikuwa linawasha. Kichwa kilikuwa kizito kidogo, na viungo vilimbembeleza alale, alale tu. Lakini homa? Aliweka mkono kwenye paji la uso, akaupeleka shavuni, akaupeleka shingoni. Hakuna joto. Basi huo si ugonjwa, ni kajambo tu.

Mgeni atauliza: kama ni kajambo, kwa nini asikaseme? Huyo hajawahi kukaa nyumba moja na Mama Kahambu. Mama Kahambu ndiye mama mzazi wa Maurice, mumewe Annette. Alitoka Butembo miaka sita iliyopita kuja kuwatembelea Kisangani kwa wiki mbili, na hizo wiki mbili hazijaisha hadi leo. Ni mama mwenye upendo mwingi, na upendo wake wote ameutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni: kipira chekundu chenye mdomo mrefu, cha kusafishia tumbo. Maji ya uvuguvugu, majani anayoyajua mwenyewe, pilipili kidogo, halafu mgonjwa analazwa ubavu na dawa inapitia mlango wa nyuma. Kwa Mama Kahambu hakuna ugonjwa unaotoka mahali pengine. Jino likiuma, ni tumbo. Maurice alipojikata kidole kwa bati, mwanaume wa miaka arobaini na tisa, mwenye duka la misumari na mabati, mwenye ndevu, aliambiwa ni tumbo. Alikimbilia kwa jirani akajifungia huko mpaka jua likazama.

Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na sheria yake: usiumwe kidogo. Ukiumwa, umwa sana, upelekwe kituo cha afya kwa heshima zako. Lakini kule kuumwa kwa kati na kati, kule kwa "mwili hauko sawa leo," kulikuwa mali ya Mama Kahambu.

"Mama Arsène, mbona umejifunga kitambaa shingoni?" mama mkwe aliuliza wakati wa chai. Arsène ni kifungua mimba wa Annette, na jina hilo ndilo Annette anaitwa nyumbani.

Annette alionyesha dirisha, eti baridi. Baridi, Kisangani! Hata mbuzi wa jirani angecheka.

"Na leo haunisemeshi? Nimekukosea nini?"

Annette alimeza funda la chai, akajikaza. "Ninachunga sauti, mama. Leo komunike iko mingi."

Sauti ilitoka nene, na mwishoni ikakwaruza. Maurice aliinua macho kutoka kwenye kikombe, akamtazama mke wake kwa huruma ya mtu aliyewahi kupita njia hiyo, akarudi kwenye chai yake. Mama Kahambu alisema "Mm," akageuza shingo polepole kuelekea msumari. Annette alinyakua mkoba wake, akatoka mbio, na chai akaiacha nusu.

Kajinga, huyu Annette! Nampenda, lakini ni kajinga. Angesema ukweli pale mezani, akanywa chai yake ikaisha, akanyamaza mpaka saa sita, labda hadithi hii isingekuwepo. Badala yake aliongea na mwendesha pikipiki njia nzima kwa sauti ya juu, ili ajihakikishie kwamba sauti ipo.

Sasa niwaambie kwa nini sauti ya Annette ni kitu cha kuchungwa. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye anayesoma komunike, yaani matangazo ya watu, katika kituo kidogo cha redio, kwenye ghorofa juu ya duka la mafuta ya nywele. Saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, kila siku, kwa Kiswahili kisha kwa Lingala. Familia fulani inajulishwa kwamba mtoto wao amefaulu. Tonton fulani, yaani mjomba, aliyeko mto wa chini anaombwa apande mjini haraka, kuna msiba. Mzigo wa fulani umefika bandarini, aje na watu wa kuubeba. Simu zipo, ndiyo, kila mtu anayo mfukoni. Lakini ukishuka mto kidogo, simu inageuka tochi, na watu wanarudi kwenye redio ya betri na sauti ya Annette.

Tena si sauti yoyote. Miaka minane iliyopita, Annette alipokuwa amejifungua mtoto wa mwisho, waliweka kijana mmoja mwenye maringo amshikie nafasi. Huyo alisoma vibaya siku ya mashua. Watu wa Yanonge, huko chini ya mto, walikaa ukingoni na mizigo yao siku mbili, mvua ikiwapiga, mashua haikuja. Tangu hapo Yanonge wamekata shauri: kama si Annette aliyesoma, hakijasomwa kitu. Mtu hatoi hata mkeka nje.

Jumatano hiyo, alipofika juu ya ngazi, alimkuta Rashidi mlangoni. Rashidi ni fundi cherehani wa mtaa unaoitwa Kisangani kama mji wenyewe, kijana wa watu, na siku hiyo uso wake ulikuwa umejaa meno.

"Mama Annette! Nimepata mutoto! Mwanaume! Jumapili asubuhi, wallahi, kilo tatu na nusu!"

Annette alimkumbatia. Rashidi akampa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kwao mtoto anapewa jina siku ya saba, nayo ilikuwa inaangukia Jumamosi, na katika ukoo wao jina linaletwa na bibi mzaa baba. Yeye ndiye analichagua, na halitaji mpaka awe na mtoto mikononi. Bibi huyo ni Mama Mwanahamisi, anakaa Yanonge, na radi ilikuwa imepiga mnara wa simu wa huko. Mashua ya kupanda mjini ingeondoka Yanonge Alhamisi alfajiri. Iliyofuata ni ya Jumapili.

"Akikosa ya kesho, mutoto wangu atafika siku ya saba bila jina," Rashidi alisema, na meno yote yakajificha kwa mara moja. "Mama, umusomee vizuri. Yeye anakusikiliza wewe tu."

"Usiogope, mwanangu," alisema Annette. Rashidi alimtazama kidogo kwa mshangao, maana ile "mwanangu" ilikuwa imetoka kama ya padri mzee.

Saa sita kamili Annette aliketi mbele ya mikrofoni. Ng'ambo ya kioo alikaa Carlos, fundi mitambo, mwanaume wa miaka hamsini na mbili, mnene na mpole, ambaye kwa miaka kumi na mitatu hajawahi kusema neno hewani. Anaigusa mikrofoni, anaifuta vumbi, lakini kuongea ndani yake, hapana, anaogopa. Carlos alinyanyua kidole, taa nyekundu ikawaka, na Annette akafungua mdomo.

Mama yangu! Sauti iliyotoka ilikuwa ya baba mwenye shamba. Alisoma komunike ya kwanza, akakohoa. Ya pili ikatoka nene zaidi. Alipofika kwa Mama Mwanahamisi wa Yanonge, aliyekuwa anaombwa apande mashua ya Alhamisi kwa ajili ya jina la mjukuu, sauti ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa, na neno "mjukuu" likavunjika katikati. Carlos alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakimtetemeka. Annette mwenyewe, taa ilipozimika, alicheka mpaka akakohoa.

Kicheko hakikudumu. Saa nane simu ya kituo ililia. Alikuwa Landry, mnunuzi wa samaki wa Yanonge, ambaye alikuwa amepanda juu ya kichuguu nyuma ya shule, mahali pekee palipobaki na mtandao.

"Allô? Alors, nani huyo papa, huyo mwanaume, aliyekaa kwenye kiti cha Mama Annette?"

"Ni mimi," alisema Annette.

"Wewe nani?"

"Annette!"

"Annette gani wa kuwa na ndevu? Papa, acha mchezo. Huku watu wamekasirika. Mama Mwanahamisi amehesabu siku za mimba, alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake akingoja komunike tu, kuku watatu amewafunga miguu. Aliposikia ni sauti ya mwanaume, amefungua mzigo, na kuku amewaachilia. Anasema hawezi kudanganywa mara mbili, mvua ya mwaka ule bado iko kwenye mifupa yake."

"Landry, nisikilize, ni mimi kweli, ni koo tu..."

Landry akapotea. Annette alipiga tena, na tena, na mara ya sita. Kichuguu hakikujibu.

Hapo ndipo alipoogopa. Alikaa na simu mapajani, koo linamwaka sasa waziwazi, akamwona yule mtoto wa kilo tatu na nusu siku ya Jumamosi, amenyolewa, amevalishwa, mbuzi amechinjwa, ukoo mzima umekaa, na hakuna wa kumwita jina. Na kwa sababu ya nini? Kwa sababu mama mzima wa miaka arobaini na sita aliogopa kipira. Aliona haya hadi machozi yakamlenga.

"Bon," alisema Carlos, aliyekuwa hajui la kufanya na mikono yake. "Nina kanda zako za zamani. Naweza kukata 'Mama Mwanahamisi' huku, 'mashua' kule, naunganisha. Itatoka sauti yako safi, hakuna mtu atajua."

Annette alifikiri. Kusema kweli, alifikiri sana, hata akamwambia Carlos azitoe kanda kwenye sanduku. Halafu akatikisa kichwa. Tangu asubuhi alikuwa amemdanganya mama mkwe, amemdanganya Rashidi, na wa kwanza kabisa amejidanganya mwenyewe kitandani. Watu wa Yanonge walimwamini kwa sababu hajawahi kuwachezea. Angeanzia wapi leo?

"Rudisha kanda," alisema kwa kunong'ona. "Chemsha maji."

Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja hakusema neno. Carlos alimletea maji ya moto na tangawizi, akamletea mengine, akamfunika mabega kwa koti lake lililonuka waya zilizoungua. Sauti haikurudi, ila kikohozi kilitulia. Taa nyekundu ilipowaka, Annette aliiweka karatasi ya Rashidi pembeni, akasogea karibu na mikrofoni.

"Ndugu wasikilizaji, ninayesema ni Annette. Ninaumwa. Kidogo tu, lakini ninaumwa, na saa sita niliwaficha. Sauti hii mbaya ni yangu."

Carlos alifumbua macho makubwa nyuma ya kioo.

"Mama Mwanahamisi wa Yanonge, najua hunitambui. Basi nikukumbushe. Ni mimi niliyekusomea Rashidi alipofaulu mtihani wa serikali, na nikasoma mara mbili kwa sababu wewe mwenyewe uliniandikia barua niirudie, majirani hawakusikia. Ni mimi niliyekusomea kwamba gunia lako la chumvi limelowa bandarini, ukapanda mjini kwa hasira, ukaja kunigombeza mimi hapa juu kwenye ngazi, halafu ukaniachia samaki. Na dada yako Safiya alipofariki, ni mimi niliyekusomea. Sauti ilinikatika siku hiyo, nikanyamaza hewani, nikakuomba msamaha. Mambo hayo nani mwingine anayajua? Kijana mwenye maringo? Sasa ninakwambia: una mjukuu. Mwanaume. Amezaliwa Jumapili na hana jina, jina lake liko kwako. Mashua ni kesho alfajiri. Funga kuku, mama. Funga kuku, upande mashua."

Alipumua. "Kesho sitakuja kazini. Ninakwenda kulala. Asanteni."

Taa ilizimika. Carlos alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa shati bila haya yoyote. Walingoja simu kwa nusu saa. Yanonge ilikaa kimya kabisa.

Nyumbani Mama Kahambu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Redio ya jikoni ilikuwa bado inaimba nyuma yake. Annette alisimama kwenye ngazi, akajua kwamba saa yake imefika.

"Umeambia mji mzima," alisema Mama Kahambu. "Umeambia wavuvi. Umeambia kuku wa Yanonge. Mimi nimekaa na wewe meza moja, ukanificha. Mimi iko adui yako?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, na Annette aliliona hilo, likamchoma.

"Mama," alisema kwa ile sauti ya mkulima, "unisamehe. Naogopa kipira."

Maurice, aliyekuwa amekaa na gazeti, alilipandisha gazeti likamfunika uso wote. Mama Kahambu alimtazama mkaza mwana wake, akautazama msumari, halafu midomo yake ikaanza kucheza. Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akaketi chini kwenye kizingiti, kanga ikamfunguka kichwani.

"Yesu Maria! Hata mimi! Mama yangu alikuwa na pembe ya ng'ombe kwa kazi hiyo, pembe! Nilikuwa ninajificha kwenye shamba la maharagwe mpaka giza!"

"Donc ulijua inavyouma!" Maurice alipaza sauti nyuma ya gazeti. "Na kidole changu?"

"Wewe nyamaza, wewe ni tumbo kweli."

Basi wakaelewana pale pale kizingitini. Kuumwa kidogo kutatibiwa kidogo. Maji ya moto, ndimu, asali, na kujifukiza chini ya blanketi kwa majani ya mchaichai, hilo Mama Kahambu aliling'ang'ania na Annette hakubisha, maana lilimnukia vizuri. Kisha kulala, na mdomo kufungwa. Asubuhi homa ikionekana, moja kwa moja kituo cha afya, damu ipimwe, bila mtu yeyote kusema ni tumbo. Kipira kilibaki kwenye msumari wake. Annette alilala saa moja na nusu ya jioni, akalala kama hajalala tangu harusi yake.

Asubuhi hakuwa na homa. Lakini alikuwa na wageni, loo! Mtaa mzima wa Tshopo, wanakokaa, ulikuwa umesikia. Kufikia saa nne palikuwa na ndimu za kutosha kufungulia soko, chupa tatu za asali, sufuria ya samaki wa mchuzi, na jirani aliyekuja kumwombea kwa sauti kubwa kuliko koo lolote duniani linavyohitaji. Annette aliwajibu wote kwa kibao cha chaki cha mtoto wake wa mwisho. "Asante." "Si sana." "Hapana, si tumbo." Mama Kahambu alisimama kando yake kama askari wa mlangoni, na aliyezidisha maswali alionyeshwa njia.

Ila kila alipobaki peke yake, Annette alihesabu saa. Mashua imeondoka. Mama yumo, au hayumo? Alitamani kupiga simu, akatazama kibao chake, akakumbuka kwamba simu haisomi chaki. Mchana haukuisha upesi. Na tena, nani atasoma komunike? Saa sita ulipigwa muziki tu, haikusomwa hata moja. Hakukuwa na mwingine katika kituo kile isipokuwa mmoja, na huyo mmoja aliogopa mikrofoni.

Saa kumi na moja waliketi wote watatu sebuleni, redio juu ya kigoda. Muziki ulikatika. Kikafuata kimya kirefu, na katika kimya hicho mtu anapumua.

Annette aliandika kwenye kibao kwa herufi kubwa: SOMA!

"Nd... ndugu wasikilizaji," ilisema sauti ndogo, tamu, isiyotarajiwa kwa mwili ule. "Mimi ni Carlos. Nitasoma komunike." Akasoma. Ya kwanza aliisoma mbio kama mtu anayefukuzwa. Ya pili alikosea mahali, akaomba radhi, akairudia. Ya tatu, jamani, ilikaa vizuri kabisa, na Annette alipiga makofi bila kutoa sauti.

"Na sasa komunike ya mwisho," alisema Carlos, na hapo sauti yake ikabadilika. "Mama Annette, msomaji wa komunike, mkaaji wa Tshopo, anajulishwa..."

Annette aliganda. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesoma majina ya watu. Ya walio hai na ya marehemu, ya waliopotea na ya waliopatikana, maelfu kwa maelfu. Lake halikuwahi kusomwa na mtu.

"...anajulishwa kwamba Mama Mwanahamisi wa Yanonge amefika leo saa kumi, salama, yeye na kuku watatu. Anasema kwamba sauti ya jana ilikuwa mbaya sana, lakini hakuna mwingine anayejua habari ya lile gunia la chumvi. Jina la mjukuu analo. Atamwita Jumamosi asubuhi, na anataka Yanonge walisikie jina hilo saa sita mchana, kwa ile sauti waliyoizoea. Kwa hiyo Mama Annette anaombwa anyamaze kabisa mpaka siku hiyo. Akiisikia komunike hii, asijibu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Annette, na huku anacheka, bila sauti, mwili mzima ukitikisika. Alifungua mdomo. Kiganja cha Mama Kahambu kilikuwa kimekwisha kufika.

"Umesikia komunike," alisema mama mkwe, naye macho yake yalikuwa yamelowa. "Asijibu."

Annette alichukua chaki. Aliandika NIMESIKIA, akakiinua kibao mbele ya redio kwa mikono miwili, akakishikilia hapo mpaka muziki ukarudi.